Zulia la ukutani lenye malkia wa mavuno: ni la miaka gani, linasomwaje, na je, lioshwe?

Swali: "Mama mkwe wangu, aliyekuwa Mbelgiji, alifariki mwaka jana na kutuachia mimi na mume wangu, hapa Antwerp, zulia kubwa la ukutani lenye picha. Kimo chake ni mita 2.6 na upana wake mita 3.1. Katikati ameketi mwanamke mwenye taji la masuke ya ngano na mundu mkononi. Nyuma yake watu wanavuna, wengine wanafunga miganda, na mmoja amelala chini ya mti. Juu pembeni kuna duara lenye mdudu ambaye mimi namwona kaa na mume wangu anasema ni nge. Majani ya miti yote ni ya buluu, na wavunaji wote wanashika mundu kwa mkono wa kushoto. Upande wa kushoto hauna pindo la maua kama pande nyingine, na kwenye ukingo wa chini kuna herufi mbili za B zenye ngao nyekundu katikati. Katika familia inasemekana kwamba ni kazi ya miaka ya 1400 na kwamba mwanamke huyo ni Bikira Maria wa mavuno. Shemeji yangu anataka tulipeleke kwa wasafishaji wa mazulia kwa kuwa linanuka vumbi na limefifia, kisha tuliuze. Mimi ningependa watoto wangu wakue nalo, lakini naogopa kuliharibu. Tufanye nini?"

Dada yangu, poleni kwa msiba, na ahsante kwa kulieleza zulia hilo kwa makini kiasi hiki. Nianze na jambo lisiloweza kusubiri: msilipeleke kwa wasafishaji wa mazulia, msiliweke majini, wala msilipulizie dawa yoyote ya kuondoa harufu. Maswali yako mengine yanaweza kungoja hata mwaka mzima bila hasara, lakini kosa la maji hufanyika mchana mmoja na halirudishwi. Ili uelewe ni kwa nini, na ili uweze kumweleza shemeji yako bila ugomvi, inafaa tuanze na jinsi kitambaa cha namna hii kinavyotengenezwa, kwa sababu karibu kila ulichokiuliza kinajibiwa na ufumaji wenyewe.

Zulia la ukutani la aina hii, yaani tapestri, halikupakwa rangi wala halikutariziwa. Picha na kitambaa ni kitu kimoja. Mfumaji hutanda nyuzi imara za sufu isiyotiwa rangi, ambazo ndizo mtande, kisha hupitisha nyuzi za rangi za sufu na hariri, ambazo ndizo mshindio, na kuzishindilia mpaka mtande usionekane tena. Katika kitambaa cha kawaida mshindio hutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Katika tapestri kila uzi wa rangi hukaa katika eneo lake tu, ukafika mwisho wa shavu au wa jani na kurudi ulikotoka. Pale rangi mbili zinapokutana sambamba na mtande hubaki mwatuko, na miatuko hiyo hushonwa baadaye kwa sindano. Zaidi ya hayo, picha hizi kwa desturi zilifumwa zikiwa zimelala ubavu, kwa hiyo zikitundikwa mtande wake hukaa mlalo na mshindio hukaa wima. Maana yake ni kwamba uzito wote unaning'inia kwenye mshindio, ambao ndio dhaifu, na kila mwatuko umelala mlalo, ukivutwa mdomo usiku na mchana.

Sasa fikiria kitambaa hicho kikilowa. Sufu hunywa maji mengi sana na uzito wake huongezeka, hariri iliyochakaa hukatika inapovutwa, na mtande unaweza kunywea wakati wa kukauka na kuyakunja maumbo yote yaliyofumwa juu yake. Rangi za mimea zilizotumiwa zamani mara nyingi hushikilia vizuri, lakini karibu kila tapestri ya umri mkubwa imetiwa viraka na kufumwa upya mahali fulani, na marekebisho yaliyofanywa baada ya rangi ya kwanza ya kemikali kugunduliwa mwaka 1856 mara nyingi yana nyuzi zinazochuja. Uzi mmoja mwekundu wa fundi wa miaka ya 1890 unaweza kuuchafua uso wa mungu wa kike aliyedumu karne tatu bila doa.

Nimesema mungu wa kike, na hapo ndipo ninapolazimika kuitofautisha familia yako na simulizi yake. Mwanamke mwenye taji la masuke na mundu mkononi, aliyeketi mbele ya shamba la ngano, si Bikira Maria. Ni Ceres, mungu wa nafaka wa Warumi wa kale, na katika sanaa ya Ulaya ya karne ya 16 na ya 17 yeye ndiye alama ya kawaida ya majira ya joto. Wenzake watatu nao wanajulikana: majira ya kuchipua hupewa Venus au Flora pamoja na maua, majira ya kupukutika majani hupewa Bacchus pamoja na zabibu, na majira ya baridi hupewa mzee anayeota moto, au Saturn, au Aeolus mtawala wa pepo. Mkipata nafasi ya kwenda Uingereza, katika jumba la Hatfield, kaskazini ya London, kuna seti ya tapestri nne zenye mwaka 1611, na humo mtawaona wote wanne kwa mpangilio huo: Venus, Ceres, Bacchus na Aeolus, kila mmoja akiwa amezungukwa na kazi za shamba za majira yake.

Ninaelewa kwa nini familia ilimwona Mariamu. Mwanamke mtulivu, aliyeketi katikati, mwenye taji, anafanana na picha walizozizoea kanisani. Lakini wachoraji wa wakati ule waliona raha kuyachanganya mawili ambayo leo tunayatenga: miungu wa vitabu vya Kilatini, na wakulima wa kijiji cha jirani waliovaa nguo zao za kila siku. Ceres alikuwa njia ya kusema kwamba kazi ile ya jasho ina nafasi yake katika mpango wa mbingu na mwaka. Hata yule mvunaji wenu aliyelala chini ya mti ana ukoo wake. Mwaka 1565 Pieter Bruegel alichora mfululizo wa picha za nyakati za mwaka kwa ajili ya Nicolaes Jonghelinck, mfanyabiashara wa hukohuko Antwerp, na katika picha ya mavuno, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, mvunaji amelala chali chini ya mti wakati wenzake wakila na wengine wakiendelea kukata ngano. Mtu huyo aliyechoka alikuwa akiwagusa watazamaji tangu wakati huo, na kwangu ndiye sehemu ya kweli kuliko zote katika picha za namna hii.

Hata hivyo sitaki watoto wako wafundishwe kwamba hiyo ni picha ya maisha ya mkulima yalivyokuwa. Tapestri zilikuwa miongoni mwa vitu ghali kabisa ambavyo tajiri angeweza kuvinunua, na aliyelipa alitaka kuiona ardhi yake ikiwa imetulia na kuzaa. Katika tapestri kumi na mbili za miezi zilizofumwa Vigevano, Italia, kati ya mwaka 1504 na 1509 kwa michoro ya mchoraji Bramantino, ambazo leo zimo katika ngome ya Sforzesco mjini Milano, kila mwezi una wakulima wake na zana zao, lakini juu kabisa, katikati, imekaa ngao ya Gian Giacomo Trivulzio aliyeziagiza. Huko Ufaransa, katika seti ya majira aliyoichora Charles Le Brun kwa ajili ya karakana ya Gobelins katika miaka ya 1660, miungu wamekaa mawinguni na chini yao yapo majumba ya mfalme Louis wa 14: Versailles kwa majira ya kuchipua, Fontainebleau kwa joto, Saint-Germain kwa kupukutika, Louvre kwa baridi. Mkulima karibu ametoweka kabisa. Kwenu bado yupo, na hilo peke yake ni sababu nzuri ya kulipenda zulia lenu.

Tuje kwenye mdudu wa pembeni, maana ubishi wenu una faida kuliko mnavyodhani. Hiyo ni alama ya buruji, yaani moja ya makundi kumi na mawili ya nyota ambayo jua huyapitia katika mwaka, na dada, wewe ndiwe uliye karibu zaidi na ukweli. Kaa ni Saratani, ambayo jua huingia karibu na tarehe 21 Juni. Nge ni Akarabu, ya Oktoba na Novemba, wakati ambapo Ulaya ya kaskazini hupanda ngano ya baridi, kukanyaga zabibu za mwisho au kuwalisha nguruwe matunda ya mialoni. Hakuna mchoraji ambaye angemweka nge juu ya watu wanaovuna ngano iliyoiva. Swali muhimu ni hili: je, yuko peke yake? Majira ya joto yana buruji tatu, Saratani, Asadi yaani simba, na Sumbula yaani bikira mwenye suke, kwa hiyo tapestri ya majira mara nyingi huzionyesha zote tatu, ilhali tapestri ya mwezi huonyesha moja. Unasema upande wa kushoto hauna pindo. Inawezekana sana kwamba zulia lilikatwa ili litoshe ukuta fulani, jambo lililokuwa la kawaida, na kwamba simba na bikira mwenye suke walikwenda na kipande hicho. Mtazame ukingo huo wa kushoto: ukiona mtande umekatwa kwa mkasi na kukunjwa nyuma, picha ilikuwa pana zaidi. Mkikuta nusu ya duara au ncha ya mkia wa simba, mtakuwa mmeshajua kwamba zulia lenu lilikuwa moja kati ya ndugu wanne, si kumi na wawili.

Kuhusu umri, ukingo wenu wa chini unaikanusha simulizi ya miaka ya 1400 moja kwa moja. Herufi mbili za B zenye ngao nyekundu katikati ni alama ya Brussels katika jimbo la Brabant, na mji ule uliwalazimisha wafumaji wake kuiweka tangu mwaka 1528. Kwa hiyo, alama ikiwa ni ya kweli, kazi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kumbuka lakini kwamba nimesema ikiwa ni ya kweli. Ukingo wenye alama ni utepe mwembamba ambao ungeweza kukatwa kutoka kitambaa kimoja na kushonewa kingine, na karakana za karne ya 19 zilifuma nakala za kazi za zamani kwa ustadi mkubwa, alama zikiwemo. Tazama kama utepe huo umefumwa kwa pamoja na picha, mtande wake ukiendelea bila mshono, au umeshikizwa kwa uzi.

Majani ya buluu yananipa moyo zaidi kuliko alama. Kabla ya rangi za kemikali, wapaka rangi hawakuwa na kijani kimoja imara. Walichovya uzi katika nili, au katika mmea wa Ulaya unaotoa rangi ileile, kisha wakauchovya tena katika njano ya mmea mwingine. Nili huvumilia mwanga vizuri na njano haivumilii. Baada ya miaka mingi ukutani njano huondoka, nili hubaki, na msitu mzima hugeuka buluu. Kwa hiyo mchoraji hakukosea, na hakuna sabuni itakayourudisha ukijani huo, kwa sababu haukufunikwa na uchafu bali umekwisha kuondoka. Shemeji yako anaposema limefifia anasema kweli, ila usafishaji hauponyi kufifia. Inua pembe moja polepole, fungua bitana mahali iliposhonwa kwa ulegevu kama pako, na utazame nyuma: huenda ukaona kijani, chekundu na cha zafarani ambavyo mbele havipo tena.

Ukiwa hapo nyuma, angalia na jambo la pili, ambalo ndilo kipimo bora ambacho mtu asiye mtaalamu anaweza kukifanya nyumbani. Ikiwa picha ya nyuma inafanana na ya mbele kwa upande wa kioo, huku ncha za nyuzi zikining'inia ovyo na rangi zikikaa kila moja mahali pake, basi imefumwa kwa mkono. Ikiwa nyuma kuna mistari ya rangi inayokwenda sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na mtande ni wa pamba nyembamba yenye mpangilio usiobadilika, basi imefumwa kwa mtambo wa Jacquard, ambao ni uvumbuzi wa mwanzo wa karne ya 19, na zulia lenu litakuwa pambo zuri la miaka mia moja hivi, si zaidi. Ubelgiji na Ufaransa zilitengeneza mapambo kama hayo kwa wingi, mara nyingi yenye mandhari hizihizi za mavuno.

Wavunaji wa mkono wa kushoto nao wana maelezo. Wafumaji wa Brussels walizoea mtambo wa kulala, ambao mfumaji hufanya kazi akitazama upande wa nyuma huku mchoro ukiwa chini ya nyuzi, hivyo picha hutoka imepinduka. Mchoraji hodari aliyajua hayo na kuchora kinyume makusudi, ili mkulima aishie kushika mundu kwa mkono wa kulia. Asipofanya hivyo, au mchoro ukiwa umenakiliwa kutoka chapa iliyopigwa kwa ajili ya kazi nyingine, shamba zima hugeuka la wenye shoto. Kwa uamuzi wangu, hilo linaonyesha karakana ya kawaida zaidi kuliko zile zilizofanya kazi kwa wafalme, na ninaona ni vema mlijue mapema kabla hamjasikia bei za kuwatia tamaa.

Nikizungumzia kuuza, nitakuwa mkweli kwenu. Kipande kimoja kilichotenganishwa na seti yake, kilichokatwa upande mmoja na kufifia, hakipati bei inayosimuliwa kwenye magazeti, na gharama ya kukitengeneza kitaalamu inaweza kuizidi bei yenyewe. Kukiuza bila kukigusa ni halali, lakini msikitengeneze ili mkiuze. Kuazimisha jumba la makumbusho ni wazo zuri ikiwa uchunguzi utaonyesha ni kazi ya karne ya 16 au 17, ila majumba yana maghala yaliyojaa na hukataa mengi. Kubaki nacho ndilo chaguo ambalo mimi ningelipendelea, kwa kuwa una watoto na una hamu, na kwa kuwa uhifadhi wa kawaida hauhitaji fedha nyingi bali uangalifu.

Mkibaki nacho, kitundikeni mbali na dirisha, mbali na jiko la kupashia nyumba joto, na si kwenye ukuta wa nje unaovuta unyevu. Mwanga ndio adui mkubwa, na uharibifu wake hujumlishwa: saa ya leo huongezwa juu ya saa zote za karne zilizopita. Majumba ya makumbusho hujaribu kutozidi luksi 50, ambao ni mwanga hafifu kwa macho yetu. Nyumbani mapazia mazito na taa zilizozimwa chumba kikiwa kitupu yatasaidia sana. Msitumie misumari wala pete za kushikilia hapa na pale, kwa sababu kila msumari huubeba uzito wa eneo lake na kulirarua. Wahifadhi hushona utepe wa kitani wenye Velcro kwenye urefu wote wa ukingo wa juu, kisha zulia hushikizwa kwenye ubao uliofungwa ukutani, uzito ukagawanyika sawa. Kushona huko kufanywe na anayejua, maana sindano ipite kati ya nyuzi na si ndani yake.

Kabla hamjaamua, litoeni ukutani, lilazeni juu ya shuka safi, na mfyonze vumbi la nyuma kwa mashine yenye nguvu ndogo kabisa, mdomo wake ukiwa umefunikwa kwa chandarua laini na bila kusugua. Uso wa mbele mwachieni mtaalamu, hasa penye hariri iliyopauka na penye mistari ya kahawia iliyokolea. Kahawia ile ilipatikana kwa chuma na tanini, yaani dutu kali itokayo kwenye mimea, na chuma hicho huila sufu polepole mpaka mistari inayochora nyuso na vidole inapukutika kama unga. Mkiona chembe kama mchanga, vifuko vyeupe vya utando, au sehemu zilizonyolewa hadi mtande, hao ni viwavi wa nondo. Lifungeni zulia ndani ya plastiki lisiambukize nguo nyingine na mpige simu siku hiyohiyo, kwa kuwa wahifadhi huwaua kwa kuligandisha kwa baridi kali au kwa kuwanyima oksijeni, bila dawa. Mkilazimika kulihifadhi, msilikunje kamwe. Liviringeni kwenye bomba nene lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, picha ikiwa upande wa nje.

Bahati yenu ni kuishi Ubelgiji. Huko Mechelen, mwendo mfupi kwa treni kutoka kwenu, ipo karakana ya De Wit, iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo husafisha tapestri za majumba makubwa kwa ukungu wa maji huku hewa ikinyonywa kutoka chini ya meza, kitambaa kikiwa kimelala na kushikiliwa kila inchi. Linganisheni hilo na bomba la msafishaji wa mazulia. Brussels kuna Taasisi ya Kifalme ya Urithi wa Kitamaduni, yenye maabara zinazoweza kuchunguza rangi na nyuzi. Pia kuna Jumba la Sanaa na Historia katika bustani ya Cinquantenaire, ambako mtaona tapestri za Brussels zenye alama kama yenu na kuzilinganisha kwa macho.

Msiende mikono mitupu. Pigeni picha za zulia zima, kaa, alama ya BB, ukingo uliokatwa na eneo moja la nyuma lenye rangi zake za asili, kisha muombe mambo mawili kwa maandishi: maelezo ya hali ya kitambaa, na maoni kuhusu umri na mahali kilipofumwa. Mtaalamu anayetoa bei ya usafishaji kabla ya kuiona nyuma yake, mshukuruni na mwende kwa mwingine.